Shingo ya Goodness

Sehemu ya Saba

Kwa anayeanza leo, nitakwenda haraka. Mimi ni Hyasinta, mke wa Raphaeli, fundi wa magari ya watalii hapa Karatu mjini. Tuna mtoto mmoja, Goodness, wa miaka tisa. Tangu alipofika saba shingo yake inaruka kushoto bila yeye kutaka, macho yanapepesa, na koo linatoa sauti fupi, hm-hm, siku nzima. Mwalimu amemchapa kwa ajili hiyo, padre amemwombea, na watoto wenzake wamempa majina ambayo siyaandiki hapa.

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye benchi la hospitali ya rufaa, mimi huku, Raphaeli kule, Goodness katikati. Daktari alikuwa ameuliza swali moja. Wengi mmemwandikia mhariri mkitaka kujua nilijibu nini.

Nilidanganya. Endeleeni kusoma, ila msinionee huruma mapema, huko mbele mtaijutia.

Daktari Cresensia alikuwa mwanamke kijana, mpole, asiye na haraka. Alimpa Goodness karatasi na kalamu za rangi, akamtuma kwa nesi chumba cha pili, ndipo akatugeukia.

“Mama Goodness, baba Goodness, mtoto wenu hana pepo. Hajalogwa. Wala hafanyi makusudi. Ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu, una jina la Kifaransa.”

Akaliandika kwenye daftari la kliniki: Tourette. Mpaka leo siwezi kulitamka.

“Unatoka wapi?” niliuliza.

“Mara nyingi unarithiwa. Hautokani na kinasaba kimoja, ni vingi, ndiyo maana hauendi kwa mstari ulionyooka. Baba anaweza kuwa nao, watoto wanne wasiupate, wa tano akaupata. Mzazi mwingine alipepesa macho tu utotoni, alipokua ikaisha akasahau. Mwingine hana mishtuko kabisa, ila ananawa mikono mara ishirini kwa siku. Ni ukoo ule ule, kila mtu na namna yake.”

Akashika kalamu.

“Kwa hiyo narudia swali langu. Upande wa baba, upande wa mama, kuna yeyote anayetikisa kichwa, anayepepesa, anayeguna? Babu, shangazi, mjomba? Hata kama iliisha zamani.”

“Kwetu hakuna,” Raphaeli alisema.

Alijibu haraka mno. Sikulitilia maanani, kwa kuwa nilikuwa nahangaika na la kwangu.

“Na kwenu, mama?”

“Hakuna.”

Kwetu kweli hakuna. Lakini nilijua ugonjwa ule niliwahi kuuona wapi, nilimjua na mwenyewe kwa jina, na nikafunga mdomo.

Daktari akaandika: Historia katika ukoo, hakuna. Akatuambia inatokea pia mtoto akaanza peke yake bila ndugu yeyote kuonekana nao, akatupa dawa na karatasi yenye maelezo hayo, akatupa namba yake ya simu. “Mkikumbuka kitu, nipigieni,” alisema.

Hatukumpigia.

Sasa niwaeleze nilichokificha. Mmekisubiri wiki sita.

Miaka kumi iliyopita nilikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Tulikaa kazini wiki sita, nyumbani wiki moja. Ndoa yangu na Raphaeli ilikuwa na mwaka mmoja na nusu, na mtoto hakuwa amekuja. Mama mkwe wangu, Selestina, alikuwa ameshaanza kuniangalia tumbo kabla hajaniangalia uso.

Kimaren alikuwa mlinzi pale. Kazi yake ilikuwa kuwasindikiza wageni kutoka kwenye chakula hadi vyumbani mwao, maana nyati wa kule wanafika mpaka kwenye varanda. Ni Mmasai wa Ololosokwan, huko Loliondo, mrefu, mpole, mcheshi. Na shingo yake iliruka kushoto. Macho yakapepesa, koo likasema hm-hm.

Wageni walidhani ni mila. Mjerumani mmoja alimpiga picha za video akamshukuru sana.

Siku moja nilimwuliza kama anaumwa.

“Siumwi,” alisema, akacheka. “Babu alikuwa hivi. Baba hivi. Dada yangu Nanyokie yeye ni macho tu, na mtoto wake wa pili ni shingo. Kwetu ni damu hiyo. Mtoto wetu hata akizaliwa Dar, sisi tutamjua.”

Mengine sitaeleza. Baridi ya kreta mnaisikia kwa watu, mimi nimeilala. Ilikuwa mara tatu, mwezi mmoja. Wiki iliyofuata nikaja likizo kwa mume wangu, na mwezi uliofuata nikaanza kutapika.

Nilihesabu siku kwa vidole mpaka nikachanganyikiwa. Wote wawili waliwezekana. Basi nikaamua kwamba mimba ni ya Raphaeli, nikaacha kazi, nikarudi nyumbani. Mtoto alipozaliwa hakuna aliyeshangaa sura yake. Sisi Wairaqw na Wamasai, ukimtazama kichanga, nani atakuambia ni wa wapi? Nikaishi na uamuzi wangu miaka saba kwa amani kabisa.

Halafu asubuhi moja mtoto anakunywa uji, shingo ikaruka kushoto.

Nilidondosha kikombe. Raphaeli alisimama akatoka nje, hakurudi kumaliza chai yake. Nilijua ana haraka ya gereji. Mimi nilibaki nimekaa, na moyoni nikasema: Kimaren amekuja kumtambua mtoto wake.

Tangu siku ile sikuwa na shaka tena hata chembe.

Hapo ndipo anapoingia shangazi Qamara, na naomba mumsikilize vizuri huyu mama, kwa kuwa yote haya ni kwa ajili yake.

Qamara ni dada wa marehemu baba mkwe wangu. Mjane, hakujaliwa mtoto, aliishi kijijini Baray akilima vitunguu. Alikuja kwetu kutibiwa mtoto wa jicho, jicho moja likapona, jingine likafa, akabaki. Kwa bahati mbaya yake alifika wiki ile ile ya uji.

Na alikuwa na tabia moja. Mishtuko ikimzidi Goodness mpaka anashindwa kula, shangazi humwita, humkalisha kati ya magoti yake, humwekea kiganja kisogoni. Haongei. Anakiweka tu. Baada ya muda shingo inatulia.

Kutulia huko ndiko kulikomponza.

“Mbona kwako haitulii, wewe mama yake?” mama mkwe aliniuliza, jikoni kwangu, akiwa ameshika sufuria yangu. “Yule ana nini mkononi?”

“Labda ni mazoea, mama.”

“Mazoea ya wapi? Amezaa lini yeye?”

Neno hilo likatoka jikoni kwangu likaenda kwenye jumuiya, kutoka jumuiya likaenda mashineni, na mtu akishasemwa kwenye mashine ya kusaga hapa Karatu, ujue amekwisha. Mimi nilikuwepo wakati linasemwa. Niliendelea kushika foleni na debe langu la mahindi.

Sisi Wairaqw tunalo jambo letu la zamani kuliko makanisa yote ya wilaya hii. Mtu akionekana ameleta balaa hapigwi wala hachomewi nyumba. Anatengwa. Hasalimiwi. Haombi moto kwa jirani, hateki maji wanapoteka wengine, ng'ombe wake hawachungwi na wa watu. Anakaa peke yake hadi wazee waseme basi, na kuna ambao wazee hawakuwahi kusema basi. Qamara ana miaka sabini na minne na jicho moja. Atachota maji wapi peke yake kule Baray, na kiangazi kile? Kumtenga ilikuwa ni kumwua, tofauti ni kwamba hakuna ambaye angeitwa polisi.

Kikao kikapangwa Jumamosi saa nne asubuhi, sebuleni kwangu. Goodness tulimpeleka kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto.

Mkubwa wa ukoo, mzee Modest, alipanda basi kutoka Mbulu. Ni mwalimu mstaafu, si mtu wa kupiga kelele. Nilimpenda alipoomba kwanza karatasi ya hospitali. Nilikuwa nimeitunza ndani ya Biblia kwa siku hiyo, nikijua ikisomwa mbele za watu shangazi atakuwa salama. Daktari mzima ameandika. Nani atabisha?

Mzee Modest akavaa miwani, akasoma taratibu.

“Sawa,” alisema. “Ugonjwa huu unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Hilo naelewa, hata dume la ng'ombe tunamchagua kwa kumwangalia mama yake. Lakini chini hapa ameandika kwamba kwenye ukoo hakuna. Raphaeli, ni wewe ulisema?”

“Nilisema.”

“Hyasinta?”

“Nilisema, baba.”

“Basi nisaidieni. Kama ni wa kurithi, na hakuna wa kumrithi, kwa mtoto umeingilia wapi?”

Mama mkwe hakungoja hata nzi atue.

“Umeingilia kwenye kiganja cha mtu,” alisema.

Nikasema daktari alituambia inatokea hata bila ndugu kuwa nao; mama mkwe akauliza hilo limeandikwa wapi. Karatasi niliyoitunza imtetee ndiyo ilikuwa inamfunga, na kilichoipa nguvu ni uongo wangu mwenyewe wa pale kwenye benchi.

“Qamara, dada yangu,” mzee Modest alisema, “una la kusema?”

Shangazi alimtazama Raphaeli. Alimtazama kwa muda mrefu na lile jicho lake moja, na mume wangu akainamisha kichwa akawa anachokonoa grisi kwenye kucha.

“Sina,” alisema shangazi.

“Unakataa au unakubali?”

“Sina la kusema, kaka. Pangeni mnavyopanga.”

Mzee Modest alivua miwani. Hakufurahi, hilo nitamshuhudia mbele ya yeyote. Akasema gari la Baray linaondoka saa saba. Shangazi apande hilo. Atafutiwe kibanda mwisho wa shamba la marehemu mumewe. Na mtu wa ukoo asimkanyagie mlango hadi mtoto apone.

Hadi mtoto apone! Ugonjwa ambao daktari alisema hauna siku ya kupona.

Shangazi akainuka kwenda chumbani kufunga vitu vyake. Alipofika nilipokaa alisimama, akaniinamia.

“Hyasinta, mtoto ikimzidi, ukimwekea kiganja usibonyeze. Weka tu. Ukibonyeza anaogopa.”

Nilivunjika hapo hapo. Mtu anafukuzwa kwa sababu yangu, na ananifundisha kumtunza mwanangu.

Nilijua ninachopoteza: ndoa, nyumba, labda na Goodness mwenyewe. Nilivua hereni nikaziweka mezani, maana nilitegemea kupigwa. Kisha nikasimama.

“Mzee Modest, ugonjwa umerithiwa. Aliyemrithisha yupo. Ila hayupo kwenye ukoo huu.”

“Sema vizuri, mwanangu.”

“Goodness si mtoto wa Raphaeli.”

Mama mkwe alipiga ukelele ambao jirani zetu wanauzungumzia mpaka leo. Aliniita malaya, aliniita na kwa Kiiraqw majina ambayo Kiswahili hakina. Nilisema yote juu ya sauti yake. Hoteli. Mlinzi. Ololosokwan. Babu yake, baba yake, dada yake, mtoto wa dada yake, wote na ugonjwa huu huu mmoja. Nikasema shangazi hana kosa, mwenye kosa ni mimi, kama ni kutengwa nitengwe mimi.

Raphaeli hakunipiga. Hakuinuka hata kidogo.

“Una hakika?” aliniuliza, kwa sauti ndogo.

“Mtoto mwenyewe ndiye hakika, baba Goodness. Ningemtolea wapi kitu kile?”

Hapo shangazi Qamara, aliyekuwa mlangoni na furushi lake, alikaa chini sakafuni na kuanza kulia. Nilidhani analia kwa kuokoka.

“Ungenyamaza, mwanangu,” alisema. “Ungeniacha niende zangu. Kwa nini hukunyamaza?”

“Shangazi, nimekutetea.”

“Selestina,” alimwita mama mkwe, “utasema wewe au niseme mimi?”

“Funga mdomo wako!” mama mkwe alisema.

“Nimeufunga miaka thelathini.” Akamgeukia mzee Modest. “Kaka, unakumbuka Raphaeli alivyoletwa kwangu Baray akiwa na miaka minane? Mliambiwa amekuja kusoma.”

“Nakumbuka.”

“Aliletwa amefunikwa blanketi. Shingo ilikuwa inaruka kushoto. Macho yanapepesa, koo linaguna. Dada zake wawili walikuwa wanachumbiwa, na wazee wa upande wa pili walikuwa njiani kuja kupeleleza ukoo, kama kuna kifafa, kama kuna ukoma, kama kuna wendawazimu. Wangemwona yule mtoto, wale wasichana wangeozea nyumbani. Huyu Selestina akaniapisha nisimwambie mtu, hata marehemu mume wangu alikufa nalo moyoni. Nikakaa na mtoto miaka sita hadi ndevu zilipoanza, ikaisha yenyewe.” Akainua mkono wake. “Mnauliza kiganja hiki nilikitoa wapi. Nilikitoa kwake.”

Mzee Modest alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa ameangalia ukutani, kwenye kalenda.

Mimi nilikuwa bado nimesimama.

Ndugu msomaji, fikiria. Ndani ya chumba kile palikuwa na watu watatu wanaojua mtoto angeweza kuurithi ugonjwa huo kutoka kwa Raphaeli, na Raphaeli mwenyewe akiwa mmoja wao. Yeyote kati yao angefungua mdomo dakika tano kabla yangu, ningekuwa mpaka leo naitwa mke wa mtu mwaminifu. Nilisubiri miaka kumi, halafu nikashindwa kusubiri dakika tano!

Raphaeli alikuja akasimama karibu nami. Aliongea akiangalia mikono yake, kama vile hakuna mtu mwingine humo ndani.

“Asubuhi ile ya uji nilikwenda kulia nyuma ya choo,” alisema. “Nilijua nimempa mwanangu mzigo wangu. Nilikuficha nikidhani ukijua utaniacha. Hata shangazi nilimwacha aonewe kwa ajili ya hilo, Mungu ananiona. Lakini Hyasinta, kuna kitu kingine. Ulipokuwa kule hotelini wiki sita sita, watu waliniletea maneno. Sikuyaamini ila yalinikaa hapa. Mtoto alipozaliwa nilikuwa namwangalia, namwangalia, natafuta. Shingo ile ilipoanza nikasema basi. Huyu ni wangu. Nilikuwa nalia na nafurahi wakati mmoja. Kila ikiruka, nasema wangu. Sasa umeninyang'anya hata hiyo.”

Nililia tu, kwa sauti, bila haya, mbele ya mkwe na mzee wa ukoo.

Mzee Modest alisema kuna kipimo siku hizi, wanachukua mate tu, serikali inacho, jibu linatoka bila ubishi. Raphaeli alikataa palepale.

“Sitaki karatasi nyingine ya hospitali ndani ya nyumba hii.”

Kisha akanigeukia. Machoni mwake nikaona kitu nilichokuwa sijakiona tangu tuondoke kwenye lile benchi. Alikuwa na tumaini.

“Nijibu kitu kimoja. Huyo mtu wako. Shingo yake inaruka upande gani?”

Najua leo kwamba upande si chochote. Daktari Cresensia aliniambia baadaye kwamba upande unahama hata kwa mtu mmoja, na haumtambulishi baba wala babu. Lakini pale sebuleni watu wote walikuwa wananingoja, na mume wangu alikuwa ameniangalia anavyomwangalia padre akiinua hostia. Neno moja tu lingemrudishia mtoto. Lingenirudishia na mimi kipande cha nyumba.

“Kulia,” nilisema.

“Una hakika?”

“Kulia. Mara zote.”

Raphaeli alifunika uso akacheka, machozi yakimpita kati ya vidole. Mzee Modest akasema Mungu mkubwa. Hata mama mkwe alishusha mabega. Shangazi Qamara peke yake alibaki sakafuni na furushi lake. Jicho lake lilikuwa juu yangu, na nilijua amejua.

Lakini usiku huo alilala kitandani kwake, nyumbani kwangu, hakupanda gari la Baray. Nilijiambia kwamba hilo linatosha. Niliosha vyombo vya kikao chote nikijiambia hilo.

Raphaeli alirudi kutoka gereji saa kumi jioni ile ile, amechangamka.

“Nina Land Cruiser ya mteja nimemaliza kuitengeneza, inataka kujaribiwa,” alisema. “Jumatatu asubuhi tunakwenda Ololosokwan.”

“Kufanya nini?”

“Nimwone huyo mtu. Simgusi, nakuapia. Nimwone tu shingo yake, kwa macho yangu, nirudi moyo wangu umetulia nikusamehe moja kwa moja. Sasa hivi nimekusamehe nusu.”

“Baba Goodness, ni mbali. Njia ni mbaya.”

“Mimi ni fundi. Na mtoto anakuja.”

Nilijaribu kila kitu. Nilisema Goodness ana shule. Nilisema mafuta yamepanda. Nilisema pengine Kimaren amehama. Mwisho nilitoka nje na simu nikatafuta namba yake ya miaka kumi, nikapiga, na mtoto wa kike akaniambia kwa Kiswahili cha shule kwamba baba yupo, amekwenda kunywesha ng'ombe, anarudi jioni. Nyuma yake, humo humo kwenye simu, nilisikia mtoto mwingine akiguna. Hm-hm. Nikakata.

Jumapili baada ya misa Raphaeli alimwita Goodness uani, akampakata, mtoto wa miaka tisa na miguu inagusa chini, akamweleza kwamba yeye naye alikuwa hivyo hivyo alipokuwa mdogo. Goodness hakuamini. Alitaka kujua kila kitu. Iliuma? Walimpiga shuleni? Nani alimwekea kiganja? Nilikuwa naanua nguo. Sijawahi kumwona mwanangu akicheka namna ile, shingo inaruka na yeye wala hajali.

“Na kesho utamwona mwingine,” Raphaeli alimwambia. “Huko Loliondo.”

“Kama sisi?”

“Karibu kama sisi.”

Goodness akateremka magotini mwa baba yake.

“Kwa hiyo na yeye ni ndugu yetu?”

Raphaeli alicheka sana, kicheko cha mtu mwenye amani.

“Ndugu yetu? Hapana, mwanangu,” alisema. “Mwulize mama yako.”

Wakanigeukia wote wawili, wakingoja niseme.